Boriti inanepa milimita 2.3, kompyuta inasema 0.73: nimwamini nani?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Niko Bagamoyo, namsaidia mjomba kukarabati nyumba ya mawe ya babu yetu katika Mji Mkongwe wa hapahapa. Chokaa ya sakafu ya chumba kimoja cha juu imeondolewa, boriti za mikoko ziko wazi. Moja ina kipenyo cha sentimita 12, na kutoka ukuta hadi ukuta ni mita 2.8. Nimeichora kwenye programu ya elementi, ile inayogawa muundo vipande vidogo na kukokotoa kila kimoja. Ugumu wa mti nimechukua gigapaskali 15 kutoka kwenye jedwali, ncha zote mbili nimezifunga kabisa kwa kuwa zimejengewa ukutani, na mzigo ni kilo 100 katikati. Programu inasema itanepa milimita 0.73. Nimegawanya vipande 4, 16, hadi 64, jibu ni lilelile. Nikajaribu modeli ya vibloki, yaani vipande vya ujazo vyenye mafundo (nukta za kuungania) manne manne: kwanza 0.31, kisha 0.52, kisha 0.66. Mwisho nikaning'iniza mifuko miwili ya saruji kwenye boriti yenyewe, nikapima kwa uzi na rula: 2.3. Kosa liko wapi?"

Marahaba, mwanangu. Umenifurahisha kabla hata sijafika kwenye hesabu, kwa sababu ulining'iniza mzigo ukapima. Nina miaka mingi katika kazi hii ya miundo hapa Tanga, na nimeshika mafaili mazito yenye picha za rangi nyekundu na buluu ambayo hakuna mtu aliyewahi kwenda na rula kuyahakiki. Wewe una namba mbili zinazogombana, kwa hiyo tuna pa kuanzia.

Nianze na ile 0.73 isiyobadilika, maana naona imekupa imani kubwa kuliko inavyostahili. Kipande cha boriti katika programu yako kina mafundo mawili, moja kila ncha. Kila fundo lina mambo mawili yanayotafutwa: limeshuka kiasi gani, na limeinama kwa pembe gani. Kati ya fundo na fundo programu huchora mkunjo wa daraja la tatu, yaani mlinganyo wake unaishia kwenye kipeo cha tatu. Sasa, boriti nyembamba iliyobebeshwa mzigo mahali pamoja, kwa nadharia ya Euler na Bernoulli ya karne ya 18, hukunjika kwa mkunjo wa daraja hilohilo. Ukiweka fundo chini ya mzigo, vipande 2 tu vinakupa jibu kamili la nadharia, na vipande 64 vitakurudishia lilelile. Jibu lako lilitulia kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuboresha. Wewe ni mtu wa pwani, utanielewa: kupunguza macho ya wavu kunasaidia kama dagaa wanapenya, kama wavu umetupwa pasipo samaki, shona macho madogo utakavyo, utavuta maji.

Kugawanya vipande kunatibu kosa la kukadiria mkunjo. Hakugusi kosa la picha yenyewe, yaani vile ulivyoieleza boriti kwa kompyuta. Haya ni makosa mawili tofauti kabisa na kila moja lina dawa yake. Ninawaona vijana wakitumia siku nzima kukata vipande vidogo zaidi, na kosa limekaa kwenye kisanduku kimoja walichobofya asubuhi bila kufikiri.

Tukione hicho kisanduku kwa karibu. Chukua karatasi na kalamu, kompyuta iweke pembeni. Boriti yako kushoto ni kama kulia, basi tunahitaji nusu moja tu, yaani kipande kimoja cha mita 1.4. Pale ukutani boriti haishuki, ila inaweza kuinama kwa pembe. Pembe hiyo tuiite θ. Katikati inashuka, tuite v, lakini haiinami upande wowote kwa kuwa pande zote mbili zinavuta sawasawa. Kwa hiyo tunatafuta namba mbili, basi. Kipenyo cha sentimita 12 kinatoa momenti ya pili ya eneo (namba ya jinsi umbo la mti linavyopinga kukunjwa, tuiite I) ya 0.00001018 m⁴, zidisha kwa gigapaskali 15, unapata takriban 152,700 N·m², ndio ukakamavu wa boriti dhidi ya kukunjwa. Ukiuingiza kwenye matriksi ya kipande kimoja, yaani jedwali la namba linalounganisha nguvu na mwendo wa mafundo, zinabaki milinganyo miwili:

667,700 v − 467,400 θ = 490.5

−467,400 v + (436,200 + k) θ = 0

Ile 490.5 ni nusu ya uzito wa kilo 100 kwa niutoni. Hiyo k ndiyo nataka uitazame. Ni ukaidi wa ukuta: ncha ya boriti ikitaka kuinama, ukuta unaipinga kwa nguvu kiasi gani. Ulipobofya "funga kabisa" uliiambia kompyuta kwamba k haina mwisho. Pembe θ ikawa sifuri, mlinganyo wa pili ukafutika, na wa kwanza ukatoa 490.5 ÷ 667,700, yaani milimita 0.73. Ndiyo namba yako. Ungebofya "egemeza tu", k ingekuwa sifuri, na ukifanya hesabu hiyo unapata milimita 2.94. Tofauti ni mara nne kamili, na mti ni uleule, mzigo ni uleule, urefu ni uleule.

Kipimo chako cha 2.3 kiko kati ya hizo mbili, na hapo ndipo kilipotakiwa kuwa. Ukitaka kujua k inayotoa 2.3, rudi kwenye milinganyo: inakuja takriban 44,500 N·m kwa radiani. Kwenye programu yako hiyo ni springi ya kuzunguka unayoweka kwenye fundo la kila ncha badala ya kulifunga. Usiogope jina, ni namba moja tu inayojumlishwa na 436,200 ndani ya matriksi, kama ulivyoona.

Kwa nini ukuta usiwe mgumu kabisa na umejengwa kwa mawe? Fikiria jinsi fundi wa zamani alivyofanya kazi. Aliacha tundu kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe, akaingiza ncha ya boriti, akashindilia vijiwe vidogo na chokaa kuizunguka. Chokaa si saruji, inabonyea. Mti nao ulikauka baada ya kukatwa, ukapungua unene. Panda ngazi ukae usawa wa ncha, mjomba aning'inize mifuko taratibu, na wewe umulike tochi pale mti unapoingia ukutani. Juu ya boriti, kati ya mti na chokaa, kuna uwezekano utaona ufa mwembamba kama unywele ukifunguka, na chini yake chembe za chokaa zikidondoka. Huo ufa ndio θ yako. Hapo ncha inainama kidogo kabla haijapata jiwe la kuegemea, na kompyuta haiwezi kujua hilo usipoiambia.

Kosa hili mimi nimelilipia. Mwaka wa pili wa kazi nilipewa fremu ya chuma ya ghala moja hapa Tanga, nikafunga miguu ya nguzo kabisa kwenye modeli kwa kuwa kila mguu ulikuwa na bamba na boliti chini. Boliti zenyewe zilikuwa mbili, tena zimepangwa kwenye mstari mmoja katikati ya bamba; mguu uliweza kuinama kama bawaba. Upepo wa kusi ulipoanza, fremu ilisogea zaidi ya mara mbili ya nilivyoandika, na mlango wa kusukuma ukawa unakwama kwenye reli yake. Hakuna aliyeumia, lakini nilipanda kule juu na futi mkononi nikijua kwamba hesabu yangu ilikuwa safi na picha yangu ilikuwa mbovu. Tangu siku hiyo modeli yoyote ninayoifanya naiendesha mara mbili kabla ya kufanya lolote: ncha zimefungwa kabisa, kisha ncha zimeegemezwa tu. Majibu mawili yakikaribiana, nalala. Yakipishana mara nne kama yako, najua kazi yangu iko ukutani, haiko kwenye boriti.

Sasa nikuonye kuhusu hiyo 44,500, usije ukaibeba kama aya. Ulipima kwa uzi na rula. Mtu makini kwa uzi na rula anakosea nusu milimita huku au kule bila kujua. Jaribu: kama ukweli ni milimita 2.8, k inakuwa kama 7,300. Kama ukweli ni 1.8, k inakuwa kama 116,500. Nusu milimita ya rula imegeuza ukuta wako mara kumi na sita! Hili ni jambo linalojirudia kila tunapojaribu kurudi kinyume, kutoka kwenye mnepo kwenda kwenye sababu yake: kosa dogo la kipimo linavimba likifika upande wa pili.

Dawa yake ni ya bei rahisi. Tengeneza mwenzo. Tafuta ufito mwembamba ulionyooka, utoboe uupitishie msumari kama mhimili, mkono mmoja uwe sentimita 2 na wa pili sentimita 20. Msumari uushikilie kwenye kigingi kilichosimama sakafuni, kisisimame kwenye chochote kinachogusa boriti. Mkono mfupi uguse tumbo la boriti, mkono mrefu utembee mbele ya rula. Milimita 2.3 itaonekana kama 23, na nusu milimita unayokosea kwenye rula inakuwa sehemu ya ishirini ya milimita kwenye boriti. Soma kabla ya mzigo, soma mara baada ya kuning'iniza, soma tena baada ya kuondoa. Isiporudi ilipoanzia, ama kitu kimeteleza ama chokaa imebonyea moja kwa moja, na kipimo hicho usikitumie. Usiache mifuko ikining'inia ukaenda kunywa chai ukarudi kusoma. Mti ukikaa na mzigo unaendelea kunepa polepole, na modeli yako ya unyumbufu haina habari na huo mwendo.

Halafu kuna jambo ambalo hukuuliza na ndilo linalonisumbua zaidi. Mnepo wa katikati unategemea namba tatu usizo na uhakika nazo: kipenyo, ugumu wa mti, na k. Kipimo kimoja hakiwezi kukupa zote tatu. Mimi nimeamini gigapaskali 15 zako nikatupia lawama zote ukuta. Mwingine angeweza kuamini ukuta akalaumu mti. Inabidi tuzitenganishe.

Kipenyo ndicho cha kwanza, kwa sababu kinaingia kwenye hesabu kwa kipeo cha nne. Kama boriti ni sentimita 11.5 badala ya 12, mnepo unapanda karibu asilimia 19. Usitumie rula kukadiria upana kwa macho. Zungusha uzi, pima mzingo, gawanya kwa 3.1416. Mzingo wa sentimita 37.7 ndio kipenyo cha 12, ukipata 36.1, ni 11.5. Pima sehemu tatu, upande wa shina, katikati na upande wa kilele, maana boriti haina unene mmoja. Zikipishana, hapo ndipo vipande vingi vinapata kazi halali: kila kipande kipe kipenyo chake.

Ugumu wa mti usiuchukue kwenye jedwali kama unaweza kuupima. Mafundi wanasema "boriti za mikoko" kwa jumla, lakini ndani ya jina hilo kuna mkoko wenyewe, kuna mkandaa, kuna muia, na kila mti una ugumu wake, na ukavu wake unaongeza tofauti nyingine. Mmebomoa chumba, lazima kuna boriti moja iliyotolewa imelala uani. Ilaze juu ya vipande viwili vya nondo vilivyowekwa juu ya matofali, umbali wa mita 2.4 hivi, ili ncha zizunguke bila kuzuiwa. Hapo k ni sifuri bila ubishi. Ning'iniza mzigo katikati, soma mwenzo, kisha ugumu ni P × L³ ÷ (48 × I × mnepo), ambapo P ni mzigo kwa niutoni na L ni umbali kati ya nondo. Ukishaupata kwa mti wa nyumba ileile, rudi chumbani, na kinachobaki kwenye kipimo cha kule juu ndicho cha ukuta.

Kuhusu vibloki vyako vilivyotoa 0.31, 0.52 na 0.66, hilo ni kosa la aina ile nyingine, la hesabu, na umelielezea vizuri bila kujua. Kibloki chenye mafundo manne na pande zilizonyooka kinajua kuvutika au kubanwa kwa kiasi kimoja tu ndani yake kote. Boriti inayonepa juu inabanwa na chini inavutika, kwa hiyo kibloki kimoja hakiwezi kabisa kunepa. Inabidi uvipange tabaka nyingi ili vya juu vibanwe na vya chini vivutike. Vikiwa vichache vinakuwa vikaidi kuliko mti wenyewe, ndiyo maana namba zako zimeanza chini zikapanda kuelekea ile 0.73 ya ncha zilizofungwa. Kibloki hiki ni ndugu wa karibu wa pembetatu ambazo wahandisi Turner, Clough, Martin na Topp walizitumia mwaka 1956 walipokuwa wakitafuta ukakamavu wa miundo ya ndege. Jina la elementi lenyewe Clough alilitoa mwaka 1960. Ni kifaa cha heshima, ila si cha boriti nyembamba. Chagua vibloki vyenye fundo la ziada katikati ya kila ukingo, mafundo 10 kwa kibloki, utaona vichache tu vinakufikisha. Au achana navyo. Kwa mti wenye urefu zaidi ya mara 20 ya unene wake, kipande cha boriti ndicho chombo sahihi, na vibloki ni kubeba jahazi kuvuka kijito.

Ukaidi huo wa vipande vichache na vilivyokaa vibaya si mchezo. Tarehe 23 Agosti 1991 jukwaa la zege la kuchimbia mafuta na gesi baharini liitwalo Sleipner A lilizama kule Norwe likiwa linashushwa majini kwa majaribio kabla ya kupelekwa baharini. Uchunguzi ulionyesha kwamba kwenye kiungo cha kuta za ndani, modeli ya elementi ilikadiria nguvu ya kukata pungufu kwa asilimia 47, na ukuta ulitengenezwa mwembamba kulingana na namba hiyo. Ukuta ulivunjika jukwaa likiwa kwenye kina cha mita 65. Hesabu iliyorudiwa kwa uangalifu ilisema ungevunjika kwenye mita 62. Yaani njia ilikuwa na uwezo wa kuona hatari hiyo, na iliiona vizuri mno ilipotumiwa ipasavyo. Nayasema haya kwa sababu utakutana na watu watakaokuambia kompyuta haiaminiki, na wengine watakaokuambia haikosei, na wote wawili hawajaipima.

Turudi Bagamoyo. Kabla hujaning'iniza mzigo tena, simamisha mirunda miwili chini ya boriti ikiachana nayo sentimita 3 hivi, na mtu yeyote asipite chini. Kilo 100 katikati zinaleta mkazo wa kama megapaskali 4 hata ncha zikiwa huru kabisa, na huo ni mdogo kwa mti mzima. Lakini hujui bado kama ni mzima. Na ujue kwamba unachopima sasa ni boriti iliyo peke yake. Sakafu ya chokaa ikirudishwa, mzigo wa mtu mmoja utagawanywa kwa boriti za jirani, na nyumba itakuwa imara kuliko modeli yako ya mti mmoja. Hilo tulifanye katika hatua ya pili, kwa boriti tano sambamba na tabaka linaloziunganisha juu. Usiliingize sasa likakuchanganya.

Ukimaliza mwenzo, usipime boriti moja tu. Pima zote za chumba hicho kwa mzigo uleule, uandike kila moja mzingo wake na mnepo wake, kisha ziingize kwenye ile milinganyo miwili. Nyingi zitakupa k zinazofanana. Ukikuta moja inanepa zaidi ya jibu la ncha huru ukiwa umeshatumia ugumu na kipenyo ulivyopima, basi hakuna k yoyote inayoweza kuieleza. Hiyo ama imeoza ndani, ama ncha yake inashuka ndani ya tundu. Boriti hizi hazizidi sana mita 3, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba, na mara nyingi kinachoziua ni unyevu wa ukuta kwenye zile sentimita za mwisho zisizoonekana. Modeli itakuonyesha ni ipi. Itakayokuonyesha ni wapi ni bisibisi. Ichokonoe chokaa kidogo kandokando ya ncha, isukume bisibisi kwenye mti kwa nguvu ya kiganja. Ikigoma, funga tundu na uniandikie namba zako. Ikizama kama kwenye embe lililoiva, mwite mjomba muishushe boriti hiyo chini siku hiyohiyo, kabla hamjamwaga chokaa mpya juu yake.